Je, Kukaa Kimya Kwafaa Nini?

(Mazungumzo ya asubuhi redioni, yamechapwa hapa kwa ajili ya wale walioyakosa.)

Leo sitaanza na somo. Nitaanza na barua.

Barua hii imetoka kwa mama mmoja ambaye sitamtaja jina, wala kanisa lake sitalitaja. Mama huyu ana ugonjwa wa presha, na kila mwezi huenda zahanati kupimwa na kupewa vidonge. Mwaka jana muuguzi wa pale aliwaketisha wagonjwa kwenye mabenchi, akawafundisha kufumba macho na kuvuta pumzi polepole kwa muda wa dakika 15. Hapakutajwa jina lolote, la Mungu wala la mwanadamu. Mama akafanya hivyo nyumbani kila jioni. Akaona usingizi unakuja vizuri, na presha nayo ikashuka kidogo. Kwa furaha yake akawasimulia wenzake katika ushirika wa akina mama, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia kwamba kufumba macho bila kuomba ni kuwafungulia pepo mlango. Dada mwingine akaongeza: mtu akiwa na imani, hata hivyo vidonge ni vya nini? Mama akaacha kukaa kimya. Halafu akaacha na vidonge. Alipoandika ilikuwa wiki ya tatu. Anauliza: "Mchungaji, huku kutafakari kuna faida, au ni dhambi? Na nikiomba sana, si yatosha?"

Mama, habari ya vidonge haiwezi kungoja mwisho wa mazungumzo. Barua yako ilipofika nilikujibu siku ile ile, na sasa narudia mbele ya wote: rudi zahanati, wakupime, uanze tena kama watakavyokuagiza. Presha haipigi kelele. Huharibu figo, na moyo, na mishipa ya kichwani, na mara nyingi mtu hajui lolote mpaka siku aangukapo. Luka aliyetuandikia Injili alikuwa tabibu, na Paulo alimwita tabibu mpendwa. Hakumwambia achague kati ya dawa na maombi.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, maana najua halimhusu mama huyu peke yake. Vijana wetu walioajiriwa mijini wanaalikwa na waajiri wao kukaa kimya na kufumba macho kabla ya kazi. Wengine wanalipia masomo ya namna hiyo. Wanarudi nyumbani wakisema wamepata utulivu ambao hawakuupata kanisani, na sisi wazazi twabaki tukitazamana.

Tuanze na mwili, kwa kuwa mwili hupimika. Katika miaka ya 1960 mwalimu mmoja wa Kihindi, Maharishi Mahesh Yogi, alijulikana sana Ulaya na Marekani kwa kufundisha watu kukaa kimya mara mbili kila siku wakirudia neno moja moyoni. Mwaka 1968 hata waimbaji wale mashuhuri wa Uingereza, Beatles, walimfuata mpaka Rishikesh huko Uhindi. Wako waliosema ni muujiza, wako waliosema ni udanganyifu. Daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, Herbert Benson, alifanya jambo la busara: aliwapima. Akakuta kwamba mtu akikaa hivyo, mapigo ya moyo hupungua, pumzi hupungua, na mwili hutumia hewa ya oksijeni kidogo kuliko kawaida. Mwaka 1975 alitoa kitabu, na humo akasema kwamba neno la siri si lazima. Neno lolote lafaa, hata neno la sala ya mtu mwenyewe, mradi akae mahali patulivu na asishindane na mawazo yanayompitia. Nadhani jibu hilo halikuwafurahisha waliokuwa wakitoza fedha kwa neno la siri.

Mwaka 2001 waganga wa Italia waliwapima watu 23 wakisoma sala ya Kilatini wanayosoma Wakatoliki kwa rozari, na tena wakisema maneno ya wafuasi wa Buddha wa Tibet. Sala zote mbili ziliwafanya wapumue mara 6 hivi kwa dakika, ambapo kwa kawaida mtu hupumua zaidi ya mara mbili ya hapo. Na zote mbili zilifaa moyo kwa namna ile ile. Nataka mlishike jambo hili, maana tutalirudia. Mapafu hayajui dini.

Je, faida hiyo ni kubwa kiasi gani? Hapa wauzaji husema mengi kuliko waganga. Mwaka 2014 wataalamu waliokusanya majaribio 47, yenye watu 3,515, walisema kwamba kutafakari hupunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi fulani, lakini hawakuona kwamba kunashinda dawa au mazoezi ya viungo. Mwaka 2022 likatoka jaribio jingine: wagonjwa wa wasiwasi waliofundishwa kutafakari kwa wiki nane walipata nafuu karibu sawa na wenzao waliomeza dawa. Na kuhusu presha, chama cha madaktari wa moyo cha Marekani kilisema mwaka 2013 kwamba njia ile ya Maharishi yaweza kushusha presha kidogo, lakini ushahidi wa kutembea na kufanya mazoezi una nguvu zaidi. Basi mama, mwendo wako wa kwenda kisimani huenda unakusaidia kuliko benchi lile!

Tena si kila mtu hupata nafuu. Uchunguzi wa mwaka 2020 uliopitia tafiti 83 ulikuta kwamba watu kama 8 katika kila 100 walipata madhara, hasa wasiwasi na huzuni kuzidi. Mtu aliyebeba jeraha la zamani akinyamaza, mara nyingine jeraha ndilo linaloanza kusema. Huyo asiachwe peke yake na kimya chake. Amtafute mshauri.

Haya ndiyo ya mwili. Kwa hiyo mzee wetu wa kanisa, kwa heshima zote, amekosea. Kuvuta pumzi polepole si ibada ya mtu yeyote. Mungu ndiye aliyempulizia mwanadamu pumzi puani, na muuguzi akimfundisha mgonjwa kuitumia vizuri hamfundishi dini ngeni, sawasawa na anayemfundisha kunawa mikono.

Walakini mzee ana kipande cha haki, nami sitaki kumnyima. Njia nyingine huja na mzigo ndani yake. Katika jimbo la New Jersey kule Marekani, kati ya mwaka 1975 na 1976, njia ya Maharishi ilifundishwa katika shule za serikali, ikasemwa kwamba ni sayansi tupu. Lakini ili apewe neno lake, mwanafunzi alihudhuria sherehe yenye matunda, maua na kitambaa, mbele ya picha ya mwalimu wake Maharishi, na nyimbo zikaimbwa kwa lugha asiyoijua. Wazazi walikwenda mahakamani. Mwaka 1977 mahakama ilisema hiyo ni dini, na mwaka 1979 mahakama ya rufani ikakubali. Mhindi anayeifanya kwa imani yake simlaumu, ni haki yake. Nasema tu kwamba Mkristo ana ruhusa ya kuuliza: hili neno nililopewa maana yake nini, na haya maua anawekewa nani? Akijibiwa, ataamua. Asipojibiwa, avae viatu vyake aende nyumbani.

Sasa nafika mahali ninapopapenda. Tuseme mwili umetulia, presha imeshuka, usingizi umekuja. Je, hiyo ndiyo faida ambayo Biblia inaisema? Zaburi ya kwanza yamsifu mtu anayeitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku. Neno la Kiebrania lililotumika pale, hagah, si neno la kimya hata kidogo. Ni kunong'ona, kuguna. Isaya alitumia neno lilo hilo katika mlango wa 31 kwa simba anayenguruma juu ya windo lake, na katika mlango wa 38 kwa sauti ya njiwa. Mtu wa Zaburi hakuwa akitoa mawazo yote kichwani apate kubaki na utupu. Alikuwa na kitu kinywani, naye hataki kukiachilia. Wakristo wa kale walitumia mfano wa ng'ombe anayecheua, na sisi tuliochunga ng'ombe tunaujua vizuri. Alikula asubuhi kwa haraka. Sasa amelala kivulini, anakirudisha kile alichokula, anakitafuna tena bila haraka, nacho ndicho kitakachokuwa maziwa. Ng'ombe asiyecheua, mwenyewe huanza kuhangaika kumtafuta daktari wa mifugo.

Na mfano mzuri kuliko yote wa kutafakari kwa namna hiyo hatukuupata kwa mtawa. Tuliupata kwa kinyozi.

Huko Wittenberg, Ujerumani, alikuwako mtu jina lake Peter Beskendorf. Kinyozi wa siku zile hakunyoa tu. Alifunga vidonda pia, akatoa damu, alikuwa kama nusu ya daktari. Peter alikuwa rafiki wa zamani wa Martin Luther. Akamwomba amfundishe jinsi ya kuomba. Luther alikuwa na kazi nyingi mno, kama tujuavyo, na angeweza kumjibu maneno mawili huku ananyolewa. Badala yake alimwandikia kijitabu kizima, kilichotoka mwanzoni mwa mwaka 1535, nacho kingali kinasomwa na Waprotestanti kwa jina la Njia Rahisi ya Kuomba.

Kijitabu chaanza kwa kukiri. Luther asema kwamba yeye naye moyo wake hupoa na hukosa hamu ya kuomba, kwa ajili ya kazi na mawazo mengi. Ikiwa hivyo, huchukua Zaburi yake, hukimbilia chumbani, au kanisani ikiwa ni saa ya watu kukutanika, na huanza kusema kwa kinywa Amri Kumi, au Imani, au maneno ya Kristo, kama vile watoto wafanyavyo. Tena amwonya Peter juu ya lile wazo linalosema ngoja kidogo, nitaomba baada ya saa moja, kwanza nimalize hili. Ndugu yangu, nani asiyelijua wazo hilo? Ndilo linalotushika mikono kila asubuhi.

Kisha anasema na Peter kwa lugha ya kazi yake. Kinyozi mwema hukaza macho na akili penye wembe na penye nywele, wala hasahau amefika wapi. Akianza kupiga domo, au mawazo yake yakienda kwingine, atamkata mtu mdomo au pua, pengine na koo. Na sala vivyo hivyo.

Ndipo amwonyesha namna. Chukua amri moja, usukie shada la nyuzi nne. Uzi wa kwanza, Mungu ananifundisha nini hapa? Wa pili, nimshukuru kwa lipi? Wa tatu, nimekosa wapi? Wa nne, nimwombe nini? Basi, ukimaliza amri hiyo, shika nyingine, au acha. Na ikiwa katikati ya kufanya hivyo Roho Mtakatifu anaanza kukuhubiria moyoni, Luther asema nyamaza, achana na huo utaratibu wote, usikilize. Mimi husita hapo kila nisomapo. Tumezoea kudhani kimya ni cha watawa na maneno ni yetu Waprotestanti. Hapa yuko baba yetu wa Matengenezo, mtu wa maneno mengi kuliko wote, anasema nyamaza.

Sasa nitawaambia habari ambayo wahubiri wanaokisifu kijitabu hiki huiruka. Mwaka ule ule wa 1535, siku ya kuamkia Pasaka, Peter alikuwa mezani nyumbani kwa mkwewe, mume wa binti yake. Kijana huyo alikuwa askari, naye alijisifu kwamba ana ufundi wa kuuzuia mwili wake usichomwe na silaha. Peter akashika kisu akamchoma. Akafa palepale.

Hebu mfikirie. Kitabu kilikuwa kimeandikwa kwa ajili yake, wino wake ungali mpya. Na ndani ya kitabu hicho imo tafakari juu ya amri isemayo tusiue. Walutheri huihesabu ya tano, wengi wetu huihesabu ya sita, lakini ni ile ile.

Habari hii ilinisumbua kwa muda mrefu. Kuna jibu rahisi, kwamba pengine Peter hakukisoma. Kuna jibu jingine rahisi, kwamba kutafakari hakufai kitu. Siyapendi yote mawili, na sababu yangu si ya chuoni. Mimi mwenyewe nimeinuka kutoka katika saa yangu ya utulivu saa kumi na mbili asubuhi, nimesoma, nimeomba, moyo umetulia kama maji ya mtungi, na kabla ya saa moja nimemfokea mtoto kwa ajili ya kikombe kilichovunjika hata mama yake akatoka jikoni kuona kuna nini. Sikuwa nimedanganya nilipokuwa naomba. Utulivu ule ulikuwa wa kweli. Lakini nilikuwa nimeutendea kama chanjo, kwamba nikichanjwa asubuhi nitalindwa kutwa. Wana wa Israeli walijaribu kuweka mana ya jana kwa ajili ya leo, ikaota mabuu.

Wale wanaotuuzia utulivu, na hata baadhi yetu tunaohubiri sala, twaahidi zaidi ya hapo. Twasema kaa kimya nawe utakuwa mtu mwema. Luther hakumwahidi Peter hivyo. Alimsukia nyuzi nne, na mmoja wao ni wa maungamo, kila siku, kwa kila amri. Uzi ule wa tatu juu ya kuua ulikuwa umeandikwa tayari kabla Peter hajauhitaji.

Na Luther alifanya nini? Alikuwa na jina la kulinda, na kijitabu chenye jina la muuaji. Hakumkana. Yeye na wengine walimwombea kwa watawala, na Peter hakunyongwa. Alifukuzwa Wittenberg akapoteza mali yake, akaenda kukaa Dessau. Kijitabu kiliendelea kuchapwa.

Nisiwaache na huzuni. Yuko mwingine ambaye kwake sala ilizaa kama ng'ombe wa maziwa. Nicolas Herman wa Ufaransa, aliyezaliwa karibu na mwaka 1614, alikuwa askari aliyejeruhiwa akabaki kilema, kisha mtumishi wa nyumbani ambaye kwa maneno yake mwenyewe alivunja kila kitu. Mwaka 1640 aliingia utawani Paris akaitwa Ndugu Lawrence, wakamtia jikoni, kazi ambayo kwa asili yake hakuipenda kabisa. Humo akajifunza kusema na Mungu kati ya masufuria kama alivyosema naye kanisani. Alipotumwa kununua divai, kwa mguu wake mbovu ilimbidi ajiviringishe juu ya mapipa ili apite ndani ya mashua, na asema hakusumbuka. Alikuwa Mkatoliki, lakini John Wesley aliwachapishia Wamethodisti maandishi yake, kwa hiyo tusiogope kumsoma. Kitu kimoja tu mkiangalie: kabla ya amani hiyo alipita miaka kumi ya taabu ya moyo. Miaka kumi! Masomo ya mjini ni ya wiki nane.

Na nabii Eliya naye, alipofika Horebu akiwa amechoka hata kuomba afe, Mungu alikuwa amempa kwanza mkate na usingizi. Kisha ukaja upepo, na tetemeko, na moto, halafu ile sauti ndogo ya utulivu. Sauti ilimwambia nini? Ilimpa kazi. Rudi, ukamtie Hazaeli mafuta, na Yehu, na Elisha. Hakuambiwa ajenge kibanda pale pangoni.

Basi mama, nikujibu. Kukaa kwako kwa dakika 15 si dhambi. Ni dawa ndogo ya mwili, iweke pamoja na kutembea na kupunguza chumvi. Ukitaka iwe sala, usiiache tupu. Chukua Zaburi ya 131, ina mistari mitatu tu, habari ya mtoto aliyeachishwa kunyonya akiwa amelala kwa mama yake. Kaa juu ya kigoda chako jioni, isome kwa sauti ndogo, polepole, kwa kadiri ya pumzi yako. Kisha shika mstari mmoja usuke zile nyuzi nne. Siku nyingine utasinzia, si neno. Siku nyingine utakumbuka deni la duka, au yale maneno ya dada katika ushirika, na hasira itapanda. Hasira hiyo iweke katika uzi wa tatu. Na neno la nne likiwa ni kumwendea huyo dada, inuka umwendee, Zaburi itakungoja.

Mzee wako wa kanisa umsalimu. Mwambie nimesema nitafika huko mwezi ujao, na ningependa tuketi naye tunywe chai, maana nina hakika naye ana presha.

Vidonge umeze saa ile ile kila siku. Utangulize kidonge au utangulize Zaburi, hilo halina ugomvi. Na ukitoka zahanati safari hii, uniandikie wamekupima wakapata ngapi.